Maisha ya Mtakatifu Jean-Baptiste de La Salle, Msimamizi wa Walimu

Katika kitabu hiki cha jubilei zimeandikwa habari za mapadre waliojenga misheni zetu, na habari za masista na makatekista waliowasaidia. Tumeona ni haki kuongeza maisha ya mtu mmoja ambaye hakukanyaga nchi zetu kamwe, walakini mkono wake ulitutangulia. Maana kila aliyesoma katika shule ya misheni, hata kama shule ile ilikuwa banda la miti na udongo lenye paa la nyasi, na kengele yake kipande cha reli kilichotundikwa mtini, alikuta humo mambo ambayo mtu huyu alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuyawekea utaratibu: watoto wengi kufuata somo moja kwa pamoja, saa ya kuingia na saa ya kutoka, mtoto mmoja kufagia na mwingine kushika funguo, tena lugha ya nyumbani kutangulia lugha ya kigeni. Watu huyadhani mambo hayo kuwa ya tangu zamani zote, kana kwamba shule zilizaliwa nayo. Sivyo hata kidogo.

Jean-Baptiste de La Salle alizaliwa katika mji wa Reims, nchi ya Ufaransa, tarehe 30 Aprili 1651. Baba yake, Louis de La Salle, alikuwa hakimu katika baraza la mfalme mjini humo, na mama yake, Nicole Moët, alitoka katika ukoo wa watu wenye cheo. Yeye ndiye kifungua mimba wao. Hakupungukiwa na kitu. Alipokuwa na miaka 15 tu aliwekwa kuwa kanoni wa kanisa kuu la Reims, nacho ni cheo cha heshima chenye mapato yake ya kila mwaka, akawa na kiti chake katika kanisa lile ambamo wafalme wa Ufaransa walitiwa mafuta. Mwaka 1670 akaenda Paris kusoma katika seminari ya Saint-Sulpice. Hakukaa sana. Mama yake alikufa Julai 1671, na baba yake akafuata Aprili 1672. Basi kijana huyu, asiyetimiza bado miaka 21, ikampasa kurudi nyumbani kuwalea wadogo zake na kuangalia mali ya ukoo. Akaendelea na masomo yake huko huko Reims, akapewa upadre mwaka 1678, na mwaka 1680 akawa daktari wa elimu ya Mungu.

Katika hayo yote hatuoni dalili ya mwalimu wa watoto. Na hapa yafaa tueleze jinsi watoto wa maskini walivyosoma siku zile, ili msomaji aelewe kilichokuja baadaye.

Katika miji ya Ufaransa zilikuwapo shule ndogo ambazo wazazi walilipa ada, na walikuwapo waandishi, yaani mafundi wa hati nzuri, waliofundisha kuandika kwa ujira na kuilinda haki yao hiyo kwa nguvu ya sheria. Wana wa maskini walikuwa na shule za sadaka za parokia, nazo zilikuwa chache. Katika nyingi ya shule hizo mwalimu alikaa mezani pake, akamwita mtoto mmoja, akamsomesha kidogo, akamrudisha, akamwita mwingine. Huyo mmoja aliposoma, wengine wote walikaa bure, wakapigana, wakalala, au wakatoka nje. Waweza kuhesabu mwenyewe, ndugu msomaji, mtoto mmoja kati ya hamsini alipata dakika ngapi za kufundishwa kwa siku nzima. Tena kitabu cha kwanza alichotiwa mkononi kilikuwa cha Kilatini, lugha asiyoijua yeye wala mama yake. Na mwalimu mwenyewe mara nyingi alikuwa mtu aliyekosa kazi nyingine.

Mwezi wa Machi 1679 de La Salle alikwenda kuwatazama masista wa mjini waliofundisha wasichana. Mlangoni pao alikutana na mtu mzima aitwaye Adrien Nyel, mlei aliyetoka Rouen, aliyetumwa na mama mmoja tajiri kufungua shule ya bure kwa wavulana maskini. De La Salle alimkaribisha nyumbani kwake, akampa shauri la namna ya kuanza bila kuamsha upinzani mjini. Alidhani kazi yake imekwisha hapo. Shule ya kwanza ikafunguliwa katika parokia ya Mtakatifu Maurice, kisha ya pili katika parokia ya Mtakatifu Jakobo.

Nyel alikuwa mtu mwema mwenye bidii, ila hakutulia. Alipokwisha kufungua shule moja moyo wake ulikuwa katika mji mwingine. Walimu aliowaacha nyuma walikuwa vijana wasiofundishwa vema, kila mmoja akishika desturi yake: huyu akifungua mapema, huyu akichelewa, huyu akipiga sana, huyu akiacha kila jambo lijiendee. De La Salle alipozitazama shule hizo aliona neno ambalo twaliona kuwa ndilo mzizi wa kazi yake yote. Watoto walikuwa na fujo kwa sababu walimu wao walikuwa na fujo, na walimu walikuwa na fujo kwa sababu hawakuwa na mahali pa kukaa wala mtu wa kuwaongoza. Kuwapa watoto vitabu tu kusingefaa kitu.

Basi akaanza na nyumba. Kwanza aliwapangishia walimu nyumba karibu na kwake. Kisha akawaita waje kula mezani pake. Na mnamo tarehe 24 Juni 1681 akawaingiza wakae nyumbani kwake kabisa, katika nyumba ya hakimu, pamoja na ndugu zake wadogo. Jamaa zake waliona aibu kubwa. Ilikuwaje watu wasio na asili, ambao yeye mwenyewe hapo mbele aliwahesabu kuwa chini ya mtumishi wake wa chumbani, waketi meza moja na wana wa ukoo ule? Wakaja wakawaondoa wadogo zake wawili, wakaenda kuwalea mahali pengine. Hatuwezi kuwalaumu sana jamaa hao; walifikiri kama watu wa siku zao. Lakini kwa kaka aliyeacha masomo yake ili awalee watoto hao, jambo hilo lilikuwa jeraha. Hakurudi nyuma. Mwaka uliofuata alihama nyumba ya baba yake, akaenda kukaa na walimu katika nyumba ya kupanga, mtaa wa maskini.

Hapo ndipo walimu wenyewe walipomjaribu kuliko jamaa zake. Yeye aliwahimiza wasihangaikie kesho, bali wamtumaini Mungu awalishaye ndege. Nao wakamjibu pasipo kuficha ya kwamba maneno hayo ni mepesi kinywani mwa mtu mwenye urithi na mapato ya kanoni. Shule zikianguka yeye atarudi katika mali yake, bali wao watakuwa njiani wakiombaomba. De La Salle alinyamaza. Aliona ya kuwa wamesema kweli. Mwalimu mwenye hofu ya kesho hawezi kutulia mbele ya watoto, na kiongozi aliye na mlango wa nyuma wa kutokea hawezi kumtuliza.

Aliomba shauri, akasali siku nyingi. Mwaka 1683 akajiuzulu cheo cha kanoni. Watu walitazamia amwachie ndugu yake, kama ilivyokuwa desturi. Yeye akampa padre mmoja maskini. Ikabaki mali ya urithi. Njaa ilipoingia katika jimbo la Champagne mwaka 1684, aliigawa mali hiyo kwa mikate, siku kwa siku, watoto wa shule wakiwa miongoni mwa wa kwanza kupewa, hata ikaisha. Tangu hapo alikula alichokula mwalimu wake wa mwisho, ijapokuwa tumbo lake lililozoea vyakula vizuri lilikikataa kwa muda mrefu.

Walimu waliobaki wakaacha kuitwa mabwana, wakaitwa Mabruda, yaani ndugu. Neno hilo waliliwekea masharti: wawe ndugu wao kwa wao, na ndugu wakubwa kwa watoto. Wakavaa vazi moja jeusi. Mmoja wao, Bruda Henri L'Heureux, alikuwa akitayarishwa kuwa padre ili awaongoze wenzake. Alipokufa ghafula, de La Salle alikata shauri ya kwamba hatakuwapo padre kati ya Mabruda, wasije wakagawanyika, wengine kuwa wa altare na wengine wa ubao. Kufundisha watoto kuwe ndiyo kazi yao nzima, wala kusiwe ngazi ya kupandia mahali pengine.

Mwaka 1688 aliitwa Paris, katika shule ya parokia ya Saint-Sulpice, mtaa wa Rue Princesse. Aliyoyakuta huko yatosha kuonyesha mambo tunayoyasema. Watoto wapata mia mbili walikuwa humo, lakini waliingia na kutoka walivyopenda. Ndani ya shule ile ile palikuwa na karakana ya kufuma sufi, ambamo watoto walifanya kazi ili kazi yao isaidie kulipa gharama. Mchezo ulichanganyika na somo, na somo na kelele za kazi. Aliyekuwa akiisimamia hakuwa mvivu. Ila hakuna mtoto ambaye angeweza kusikia neno katika nyumba kama ile. Mabruda wakaanza na mambo madogo: mlango ufunguliwe na kufungwa kwa saa yake, kengele ilie, kila mtoto awe na mahali pake. Msimamizi yule aliona amedharauliwa, na maneno mengi mabaya yakasemwa. Muda si muda watoto wakaongezeka hata ikalazimu kufungua shule nyingine.

Yote waliyojifunza Mabruda kwa miaka mingi, kwa kujaribu na kukosea na kushauriana, de La Salle aliyakusanya katika kitabu cha mwongozo wa shule. Nakala yake iliyoandikwa kwa mkono mwaka 1706 ingaliko. Hapa tutakaa kidogo, maana walimu wa shule zetu watafurahi kukijua.

Mtu akitazamia kukuta humo mafundisho ya juu, atashangaa. Kitabu kinasema habari za mabenchi: yawe ya vimo mbalimbali, ya chini kwa wadogo na ya juu kwa wakubwa. Kinasema habari za karatasi kubwa za herufi na silabi zinazotundikwa ukutani ili darasa zima lizione, na mtoto mmoja akisoma, wote wafuate kwa macho, kwani hawajui nani ataitwa baadaye. Hivyo hakuna anayekaa bure. Kusoma kuanze kwa Kifaransa. Sababu yake ni wazi: mtoto aliyejua kusoma lugha yake atasoma Kilatini kwa urahisi baadaye, na mtoto wa maskini, ambaye ataondolewa shuleni mapema aende kazini, angalau aondoke na kitu. Si yeye aliyebuni haya yote. Padre Pierre Fourier kule Lorraine na Padre Charles Démia mjini Lyon walikwisha kufundisha kwa makundi kabla yake. Lakini yeye aliyashikamanisha, akawafunza walimu kuyafanya, akahakikisha yanafanywa.

Milango ilifunguliwa saa moja na nusu asubuhi, na saa mbili kazi ilianza. Watoto walikula mkate wao wa asubuhi humo shuleni, mbele ya mwalimu, ili wajifunze kula kwa adabu. Na palikuwa na kikapu. Mwenye mkate wa kumzidi alitia kipande ndani, na waliokuja bila kitu wakagawiwa. Sisi twaona katika kikapu hicho hekima kubwa kuliko katika kurasa nyingi za vitabu vya elimu, maana mtoto mwenye njaa hasikii somo, na mtoto aliyeshiba akimwona jirani yake ana njaa asimpe, amekwisha kujifunza somo lingine baya.

Kila mtoto alipewa mahali pake kwa kufikiri. Mtundu aliketishwa kati ya wawili watulivu, wala hawakuwekwa watundu wawili pamoja. Mgeni aliwekwa karibu na aliyezoea. Hata habari ya chawa imo: watoto waliotunzwa safi wasikalishwe ubavuni mwa wenye wadudu, wazazi wasije wakawaondoa. Kazi za nyumba ya shule waligawiwa watoto wenyewe: wa kuongoza sala, wa kutunza funguo, wa kufagia, wa kugawa karatasi, na wa kwenda kuwatazama wasiofika shuleni nyumbani kwao, na kuuliza kwa nini. Kutofika shuleni kumechunguzwa sana katika kitabu. De La Salle hakumtupia mtoto lawama yote. Huenda sababu ni wazazi wanaohitaji mikono yake. Huenda ni wepesi wa mtoto. Na huenda ni mwalimu mwenyewe, kwamba hapendezi, au ni mkali mno, au hajui kumvuta mtoto aipende shule. Si walimu wengi wa karne ile walioambiwa hivyo.

Mwalimu aseme kidogo. Alikuwa na kijiti cha kugonga, na kwa mlio wake watoto walijua kuanza, kuacha, au kurudia neno lililokosewa. Wengine wamecheka kimya hicho, nasi pia twaona kilizidi. Watoto si watawa. Lakini tukumbuke vyumba vyao vilivyojaa watoto, na jirani zao wa mjini waliochoka na makelele. Kuhusu fimbo, kitabu hakikuiondoa, maana siku zile hakuna aliyefikiri shule yaweza kuwa bila fimbo. Ila kiliizungushia masharti mengi hata ikawa nadra: asipige mwenye hasira, asipige kwa mkono wala teke, asimpe mtoto jina la kumtukana. Katika Kifaransa yako maneno mawili ya kumwita mtu, moja la watu waliozoeana au la kumwita mdogo, na lingine la heshima. Mabruda walikatazwa kutumia lile la kwanza kwa watoto. Mwana wa mchukuzi wa mizigo aliitwa shuleni kwa neno lile lile aliloitwa bwana mkubwa njiani. Tena walikatazwa kupokea zawadi ya mzazi yeyote, hata ndogo, asije mtoto mmoja akawa na mwalimu wake wa pekee.

Kwa kuwa shule zilikuwa za bure kwa wote, na zilikuwa njema, wazazi wenye kitu nao walianza kuwaleta watoto wao, wakaketi benchi moja na wana wa maskini. Hapo vita vikaanza. Waandishi wa Paris na walimu wa shule za ada waliwashitaki Mabruda mara kwa mara tangu mwaka 1690. Shule ya sadaka, walidai, ni ya wale walioandikwa katika daftari la maskini tu, wengine walipe. Vyombo vya shule vilikamatwa, meza na mabenchi pia. Katika miaka ya 1704 hata 1706 hukumu zilimwangukia de La Salle vibaya, hata Mabruda wakaondoka kwa muda katika shule zao za Paris. Dai la waandishi lilikuwa la watu wanaotetea chakula chao, wala hatulidharau. Lakini yeye hakutaka kumpima mtoto mlangoni kwa daftari la ufukara. Aliona kwamba maskini akikaa peke yake na maskini wenzake, chini ya jina la maskini, shule yenyewe inamfundisha aibu.

Taabu hazikwisha hapo. Kesi nyingine ilimwandama mwaka 1712, na baadhi ya Mabruda wenyewe walimgeuka. Akaondoka kwenda kusini, akiwaza kwamba labda yeye ndiye kizuizi cha kazi. Huko Grenoble mwalimu wa watoto wadogo aliposafirishwa kwa kazi nyingine, de La Salle, mwenye miaka zaidi ya 60 na digrii ya udaktari, aliingia darasani mwenyewe, akawashika wadogo mikono wakijifunza kuandika, akawapeleka kanisani kwa mistari. Twapenda kuamini kwamba siku hizo zilimponya. Tarehe 1 Aprili 1714 Mabruda wakuu walimwandikia barua wakimwamuru, kwa kiapo cha utii alichowaapia, arudi kuwaongoza. Naye akawatii wanafunzi wake, akarudi Paris mwezi wa Agosti.

Mwaka 1717 walimchagua Bruda Barthélemy kuwa mkuu wao, naye akabaki kama mdogo kati yao katika nyumba ya Saint-Yon, mjini Rouen. Akafa huko tarehe 7 Aprili 1719, siku ya Ijumaa Kuu. Mabruda walikuwa wapata mia moja. Kitabu cha mwongozo kilipigwa chapa Avignon mwaka 1720, na Papa Benedikto XIII alikithibitisha chama chao mwaka 1725. Papa Leo XIII alimtangaza kuwa Mwenye Heri mwaka 1888, na Mtakatifu tarehe 24 Mei 1900. Tarehe 15 Mei 1950 Papa Pius XII alimweka kuwa msimamizi wa walimu wote mbele ya Mungu. Masalia yake yako Rome tangu mwaka 1937. Sikukuu yake ni tarehe 7 Aprili; katika misale za kabla ya kalenda ya mwaka 1969 wasomaji wataikuta mwezi wa Mei, tarehe 15.